Mkate Uliotundikwa kwa Sonun

Saa moja asubuhi, Batma Jakypova ameinama hadi kiunoni ndani ya tanuri. Kila donge la unga analibandika kwenye ukuta wa moto kwa kofi, na leo makofi ni mazito.

"Huu wa hakimu," anasema, paa! "Na huu wa mwendesha mashtaka."

Batma, mwenye miaka 52, ndiye mwokaji mikate wa kijiji cha Sary-Bulung, huku milimani Kirgizia. Kwa miaka kumi na mmoja pia amekuwa mjumbe wa baraza la suluhu, bila malipo. Amepatanisha kesi sitini na tatu, kuanzia wizi wa kondoo hadi meno yaliyong'olewa harusini. Waliorudia makosa hawafiki watano.

Kesi ya sitini na nne ndiyo inayomchemsha damu.

Mwezi Agosti, mchunga mifugo Kubat aligombana na mjane Sonun kuhusu zamu ya maji ya mfereji. Jioni akarudi akiwa chakari, akachoma nyasi zote ambazo mjane alikuwa amewawekea ng'ombe wake kwa majira ya baridi. Polisi wakafungua faili. Baraza nalo likaketi.

"Mwanangu, ulikuwa unanikomoa mimi au ng'ombe?" Sonun alimuuliza mbele ya watu. "Maana ng'ombe hawajakuibia maji."

Kubat alilia. Akakubali kumpa mikokoteni minne ya nyasi zake mwenyewe, kisha kumfyekea kwa misimu miwili. Batma akaleta mkate wa moto, mkosaji na mkosewa wakaumega. Hakuna aliyeandika chochote.

"Mtu amemega mkate na mwenzake, halafu nimwambie atie sahihi? Si kumtukana huko?" anauliza Batma. "Hilo ndilo kosa langu. Linaniuma mpaka leo."

Wiki tatu baadaye, polisi waliingia uani kwa Sonun. Kubat alikuwa juu ya mkokoteni wa kwanza, akimshushia mjane nyasi. Wakamfunga pingu hapo hapo.

Batma alikwenda mahakama ya wilaya kueleza kwamba wamekwishapatana.

"Mwendesha mashtaka ananiuliza, 'Hati iko wapi?' Nikamwambia walimega mkate. Akacheka! 'Mlipaka na siagi?' Kijana mdogo yule, anayekula mikate yangu kila siku ya soko!"

Niseme wazi, hata mimi nimekasirika. Kubat akifungwa miaka mitatu, kama mwendesha mashtaka anavyotaka, nani anafidiwa? Mikokoteni mitatu bado haijafika, na theluji imeshaanza kushuka mlimani.

"Serikali itamlisha Kubat huko gerezani," anasema Sonun, mwenye miaka 71. "Ng'ombe wangu je, itawaletea nyasi? Nimechomewa mara moja na Kubat. Sasa nachomewa mara ya pili, na hawa wa serikali hata hawakulewa!"

Siku ile ya pingu, Sonun aliwazuia polisi langoni, akaingia ndani na kutoka na mkate mzima. Alimng'atisha Kubat kipande, kama mama anavyomfanyia mwanawe anayekwenda safari. Uliobaki akautundika kwenye msumari, karibu na picha ya marehemu mumewe. Sasa umekauka, mgumu kama kigae.

Hukumu ni Ijumaa. Batma ameandika makubaliano yote, na Sonun ametia sahihi. Watakwenda mahakamani pamoja. Na kuanzia sasa, anasema Batma, hati itatangulia mkate. "Wakasirike wakitaka. Nitawatukana wote, mmoja mmoja, lakini hakuna atakayechukuliwa tena mikononi mwangu."

Namshauri Sonun aubebe ule mkate, hakimu auone kwa macho yake. Ananikata jicho.

"Niushushe? Wewe umelelewa na nani? Mkate huo anaushusha Kubat mwenyewe, akirudi kuumalizia. Mwambie hakimu wako hivyo."