Wakili Alikuwa wa Mzee Charo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nikiwa sitaki. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi katika ofisi ya wakili mmoja mjini Malindi, nimevaa shati langu la kanisani, na kando yangu amekaa Mzee Charo, mtu aliyekuwa akiniuzia nyumba. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi, kichwa kimejaa elimu ya kuwafundishia watoto wa watu. Mambo ya kununua nyumba sikuyajua hata kidogo, na kwamba siyajui pia sikujua.

Nakueleza haya, wewe uliye kama mwanangu, kwa sababu umeniambia nawe umepata nyumba huko Kilifi, na kwamba mwenye kuuza amekwambia wakili wake anawatosha nyote wawili. Uliponisimulia ulikuwa ukitabasamu. Mimi chai ilinishinda kunywa.

Shida yangu siku zile ilikuwa mama. Aliishi kwetu Ganze, mguu umemvimba, na kila alipohitaji hospitali ilibidi apakiwe kwenye baiskeli mpaka barabarani. Baba alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye mtoto aliyebaki. Nilimwahidi nyumba mjini, yake mwenyewe, ambayo hakuna mtu atakayembishia hodi kumwambia ahame. Nikakopa kwenye chama cha walimu, nikaanza kuulizia. Ndipo nikaelekezwa kwa Mzee Charo, Mgiriama mwenzangu, mtu wa heshima zake, aliyetaka kurudi kwao Matsangoni akapumzike. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, vyumba vitatu, bati zima, na ua mpana nyuma.

Tulipatana kikwetu. Wazee wa upande wake na wa upande wangu walikaa mkekani, kadzama ikatolewa, yaani ile tembo ya mnazi ambayo bila hiyo neno la wazee halijafungwa, na Mzee Charo akanishika mkono mbele yao. Kwangu mimi nyumba ilishanunuliwa hapo. Kwenda kwa wakili niliona ni kama kupiga picha baada ya ubatizo: jambo zuri, lakini mtoto ameshabatizwa.

Yule wakili, nisimsingizie, alikuwa mtu mwema. Alifungua faili, akanitazama juu ya miwani yake.

"Mwalimu, wakili wako ni nani?"

Nikacheka. "Kwani si wewe?"

"Mimi ni wakili wa Mzee Charo. Yeye ndiye aliyeniweka. Wewe tafuta wako, akusomee huu mkataba, aende na ofisi ya ardhi akuangalizie. Hata wiki mbili nitawangoja."

Mzee Charo aliinamisha macho. Alikuwa akiitazama kofia yake magotini. Nami haya ikanipanda mpaka masikioni. Kwetu wakati ule, mtu akisikika ana wakili, watu waliuliza kaua nani, au kamshtaki ndugu gani. Nikawaza, mzee huyu nimekula kwake, wazee wameshuhudia, leo nimletee wakili? Si ni kumwita mwizi mchana kweupe? Basi nikajibu kwa sauti ya kumfurahisha.

"Sisi ni ndugu, bwana wakili. Wewe utatutosha sote."

Akachukua kalamu. Kisha akaandika karatasi kwamba nimeshauriwa kuweka wakili wangu na nimekataa, akanipa nitie sahihi. Nikaitia kwa mbwembwe, herufi ya kwanza kubwa na mkia mrefu chini yake. Mkataba nao nikautia sahihi. Usidhani sikuusoma. Niliusoma wote, nikatikisa kichwa kama ninavyosahihisha insha. Ulisema nanunua nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, nami nyumba hiyo nilikuwa nimeiona kwa macho yangu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nauficha ujinga wangu, na kuuficha ilikuwa rahisi mno, kwa sababu wote mle ndani waliniita mwalimu.

Mama akahamia mwezi uleule. Asubuhi moja nilimkuta anapapasa ukuta kwa kiganja, akaniuliza, "Hii ni yetu kweli?" Nikamwambia ni yetu, kuanzia bati mpaka udongo. Alipanda mchicha, akafuga kuku, akapata mashoga, akina mama wenzake, wa kwenda nao kanisani. Aliishi humo miaka tisa, na nakiri kwamba miaka hiyo ilikuwa mizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alipofariki, wazee wa ukoo walikuja kumchukua akazikwe Ganze, kwa wenziwe. Nikakataa. Mjomba Kahindi, ndugu yake mama, akanivuta pembeni.

"Hapa ni kwako?"

"Ni kwangu, mjomba. Nina karatasi."

"Nani wako aliyeisoma hiyo karatasi?"

Nikamkasirikia, mwanangu. Nilimwambia mimi ndiye ninayewasomea wengine. Akanitazama sana, akasema, "Mtu hazikwi kwa watu," kisha akaniachia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mfiwa. Tukamzika mama nyuma ya nyumba, nikamjengea kaburi kwa saruji nyeupe. Nilijiona mwana kweli.

Miaka mitano baadaye wakaja watu watatu, wapole, wameshika barua. Walikuwa warithi wa mwenye kiwanja. Baba yao alikuwa amekufa zamani, nao walikaa mbali wakigombania mirathi, ndiyo maana hakuna aliyekuja kunidai chochote. Sasa wamekwisha kugawana na kiwanja wamekiuza. Waliniomba niondoe nyumba yangu. Hawakunitukana wala hawakupandisha sauti. Nyumba ni yako, mwalimu, walisema, iondoe tu.

Nilikwenda Matsangoni siku ileile. Mzee Charo alikuwa amezeeka sana, haoni vizuri. Nilikuwa nimeyapanga matusi yangu njia nzima. Nilipomaliza kueleza, alishangaa kweli, na mshangao wake ndio ulionivunja nguvu.

"Mwanangu, mimi nilikuuzia nyumba. Mchanga ulikuwa wa mwenyewe. Hata mimi nilikuwa nikimlipa kodi ya kiwanja, mpaka alipokufa. Mjini nani hajui hivyo?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Wewe mwalimu. Na wakili alikwambia utafute wako, nami nilikuwepo. Nilisema moyoni, huyu atamtafuta, ataelezwa yote. Ukakataa. Ningekwambia nini tena?"

Ni kweli, mwanangu. Mjini pwani desturi hiyo ni ya zamani: mmoja ana ardhi, mwingine anajenga nyumba juu yake na kulipa kodi ya kiwanja, na nyumba inauzwa mkono kwa mkono bila udongo kuondoka kwa mwenyewe. Watoto wa mjini wanaijua tangu utotoni. Sisi tuliotoka vijijini, ambako ukoo ndio ardhi na nyumba ni miti na udongo wa hapohapo, hatukuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kununua kuta bila chini yake. Sikumuuliza Mzee Charo kwa sababu swali lenyewe halikuwepo kichwani mwangu. Na hiyo ndiyo kazi ya wakili wako: kukuulizia swali ambalo wewe huna.

Ndipo nikamweka wakili. Kijana wa kike huko Kilifi, umri wa wanafunzi wangu. Alikwenda ofisi ya ardhi asubuhi, na kabla ya adhuhuri akarudi na jina la mwenye kiwanja. Jina hilo lilikuwa limeandikwa pale kabla mimi sijazaliwa. Nikamuuliza, "Kama ningekuja kwako kabla ya kutia sahihi?" Akainamisha kichwa. "Ingenichukua asubuhi moja kama hii, mwalimu." Kisha akanieleza kwamba kwa kuwa Mzee Charo alikuwa akilipia kiwanja, yaani alikaa kwa ruhusa ya mwenyewe, nami nimenunua nyumba tu, mahakamani sina pa kushikilia. Alichoweza kunipatia ni muda. Nikapewa miezi mitatu, na ruhusa ya kuondoka na milango, madirisha na bati.

Na mama? Wakili alisema naweza kuomba kibali cha kumfukua. Nikaenda Ganze kwa Mjomba Kahindi, nikapiga magoti mlangoni. Hakunisuta. Ningependa angenisuta. Alisema tu kwamba wazee wamekataa, mtu hufunikwa mara moja, na mwenye kutaka kumfunua mama yake amfunue kwa mikono yake mwenyewe. Mikono hiyo sikuwa nayo. Mwenye kiwanja mpya alikuwa mtu wa Mungu, akakubali kaburi libaki.

Sasa pale pana ghala za kukodisha, na ukuta mrefu, na geti. Mimi nilipanga chumba Kisumu Ndogo, mtaa wa humuhumu Malindi, mpaka nilipostaafu. Mwezi uliopita nilikwenda kulisafisha kaburi, nikakuta mlinzi mgeni. Akanipa daftari la wageni. Penye jina nikaandika jina, na penye shughuli nikaandika: kumwona mama. Akasoma, akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mzee. Mama anafanya kazi hapa?"

Mwanangu, nilimwitikia marahaba tu. Nilirudisha kalamu nikaondoka, na majani sikuyang'oa.

Basi nakuomba. Kabla hujatoa hata shilingi ya kushikia nyumba, kabla ya kushikana mikono mkekani, weka wakili wako. Wako wewe, si wa muuzaji, si wa kaka yake, si yule dalali anayesema anafahamiana na watu ofisi ya ardhi. Hakikisha ana leseni ya mwaka huu. Mwagize apekue daftari la ardhi, akwambie udongo ni wa nani na kama hatimiliki iko huru au imewekwa rehani. Mwambie akusomee mkataba kwa lugha unayoiota, na kila usichoelewa umsimamishe, hata mara kumi, hata akichoka. Kuuliza si ujinga. Ukiona haya, mkumbuke mwalimu aliyeona haya. Muuzaji mwema hatachukia; Mzee Charo hakuchukia, alikuwa akinisubiri.

Najua vijana wa leo mnaonyeshwa nyumba kwenye simu na mnalipa kwenye simu, na mzee akisema mnaitikia "ndiyo" huku dole gumba linatembea. Sijui kama utanisikia. Mimi niliambiwa na wakili mwenyewe, ana kwa ana, nikamcheka. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimemlea mpaka amekuwa mtu mzima.

Mungu akupe nyumba, mwanangu, na udongo wa chini yake. Akupe ulimi wa kuuliza mbele ya watu unaowaheshimu. Wazazi wako wazeeke humo wakiwa wenyewe, na ikifika siku ya kuwalilia, usilie kwa ruhusa ya mtu. Amina.