Unga Juu ya Injini

Asubuhi hii nilikuwa nasonga bukari, ugali wa muhogo, ya watu waliokuja kumlilia baba. Unga ukamwagika kwenye makaa ya jiko la mbabula, ukaungua, na harufu yake ikanirudisha utotoni, kwenye kinu chetu cha kusagia karibu na ziwa.

Injini ya kinu ilikuwa inavuja mafuta pale kichwa chake kinapokalia. Baba alisema gasketi ya hedi imekufa, kinu kimekwisha, na yeye atavuka ziwa kurudi Kongo kutafuta kazi migodini. Begi lake lilikuwa limeshafungwa.

Mama aliipangusa injini mpaka ikakauka, akachota unga kwa kiganja, akaipaka pande zote ikawa nyeupe.

"Mama ya batoto, unapikia injini bukari?" baba alimtania, lakini uso wake haukucheka.

"Washa tu, baba. Tuone mafuta inatokea wapi."

Injini ikanguruma, unga ukaanza kunukia moto. Tuliinama watatu, vichwa vikigusana. Penye gasketi palibaki peupe. Kisha doa jeusi likatokea juu zaidi, chini ya kifuniko cha valvu, likaanza kuteremka polepole.

"Ni kifuniko!" baba alipiga kelele. "Hapana, si gasketi! Boluti zimelegea tu!"

Alizikaza kwa spana. Mama aliingia nyumbani, akamwaga nguo za baba kitandani, akalijaza lile begi muhogo mkavu wa kusaga kesho.