Kitanda cha Juu cha Glenys

Glenys, mjane kutoka mji wa Dubbo, Australia, ndiye aliyewashawishi mashoga zake watatu wabanane chumba kimoja cha meli ya matembezi kwenda kisiwani, bandari ya Noumea, kwa kuwa abiria wa tatu na wa nne hulipa nusu. Mwenye wazo akapewa kitanda cha juu. Kilikaribia dari hivi kwamba akipiga mwayo, ulimi unaonja rangi.

Tangu meli ilipotoka Sydney hakupata usingizi. Alipanda, akashuka, akageuka, akapanda tena. Lakini kusema kitanda kimemshinda ni kulipia chumba cha pili, na ile nafuu aliyotamba nayo ingezama baharini.

"Umelalaje, shoga?" akauliza Lorraine, aliyelala chini yake.

"Kama mtoto."

"Mtoto anayeota meno, labda. Shuka, Glenys. Mimi nalala jicho moja wazi, naogopa utaniangukia."

Glenys akacheka mpaka machozi, akashuka. Wakamtandikia godoro sakafuni, kichwa chumbani, miguu bafuni, na kila aliyetaka choo akamruka kama dimbwi. Hapo usingizi ukambeba. Meli ikafika Noumea, honi ikalia hadi meno ya bandia ya Beryl, mmoja wa wale mashoga, yakacheza ndani ya glasi. Wenzake wakamwita, wakamtikisa, wakachoka, wakashuka mjini bila yeye.

Alipoamka, wenzake walikuwa wamesharudi na meli imeshang'oa nanga.

"Noumea kukoje?" akauliza kinyonge.

"Kuzuri, ila teksi ghali," akasema Lorraine. "Tuligawana watatu. Ungekuja, kila mtu angelipa pungufu."