Hapana ya Kwanza ya Mama

Ujinga wangu niliusema kwa kinywa changu mwenyewe, mchana kweupe, tena kwa sauti ya mtu aliyemaliza sekondari. Ilikuwa siku nilipompeleka mama kwa masista wanaotunza wazee. Sista mkuu aliniuliza kama kuna jambo lolote wahudumu wanapaswa kulijua juu yake. Ningeweza kusema anapenda chai ya tangawizi. Ningeweza kunyamaza. Mimi nikajibu: "Sista, mama yangu ni mutu wa neno moja. Akisema hapana, ni hapana. Musimusumbue."

Sista alifurahi. Alisema ndivyo hasa wanavyofanya kazi pale: mzee haburuzwi, halazimishwi, anaulizwa kwanza. Wasichana wa huduma, ambao wote wamepita shule ya unesi, wakatikisa vichwa kukubali. Mama alikuwa amekaa pembeni, akitazama sakafu kama mtu anayengoja gari. Hakunipinga. Nilidhani ananiunga mkono.

Lazima niseme kwa nini nilimpeleka, maana mtaani kwetu wapo wanaoniangalia kama nimemuuza. Nyumba yetu ya mbao imekaa juu ya mawe ya volkano, na uani hakuna hatua iliyo sawa na nyingine. Mama alianguka akienda chooni, akaumia nyonga, na tangu hapo hakuweza tena kujiosha peke yake. Mke sina, hilo ni jambo ambalo jirani yangu, mama anayeuza makala, makaa ya kupikia, upande wa pili wa ua, hulieleza vizuri kuliko mimi. Dada zangu wameolewa mbali, mmoja Beni, mwingine Bunagana. Na mtoto wa kiume hamuogeshi mama yake. Jirani alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa moyo wake, mpaka mgongo ukamkatalia. Mimi kazi yangu ni kukaa. Natengeneza redio na taa za sola kwenye meza iliyo dirishani, na nikifika tu barabara ya lami najiona nimesafiri.

Basi mara za kwanza nilipokwenda kumtembelea nilishangaa kama mgeni aliyetoka kijijini. Mashuka meupe, sakafu inanukia sabuni, ukutani vyuma vya kushikilia. Msichana mmoja alipiga magoti kumvalisha mama kandambili. Nywele za mama pia alikuwa amezisuka vizuri. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikamwita jirani kwenye ua.

"Wanamupa kila kitu kwa mikono mbili," nilimwambia.

"Na anakula?"

"Atakosaje kula? Jiko lao linanukia kuliko lako."

"Linukie tu," alisema. "Mimi nimeuliza kama anakula."

Nilimuona ana wivu. Lakini wiki mbili baadaye nilimkuta mama amejifunga kitenge kilekile alichoenda nacho, na sasa kilimzunguka mara mbili. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na pete.

"Mama, wanakupatia chakula?"

"Wananipatia."

"Ni kizuri?"

"Kinaonekana kizuri."

"Kinaonekana? Unakula ao haukule?"

"Wananiuliza, nami ninawajibu," alisema mama, akageukia dirisha.

Nilirudi nyumbani kichwa kimevurugika. Kwanza nikafikiri wanaiba chakula. Kisha nikafikiri mama ana ugonjwa wa tumbo anaoficha. Kisha, Mungu anisamehe, nikafikiri akili yake imeanza kuondoka. Mimi ni fundi wa redio: kitu kikinyamaza, natafuta waya uliokatika. Niliamua kwenda saa ya chakula, bila kutoa habari, nijionee.

Nilisimama mlangoni mwa chumba cha kulia. Msichana aliyesuka nywele za mama alikuja na sahani: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na juu yake sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa mpaka wakakauka. Aliinama kwa heshima.

"Mama, leo utakula?"

"Aa, mutoto wangu, nimeshiba. Upelekee wengine."

"Sawa, mama. Asante."

Na sahani ikaondoka. Ndiyo hivyo tu. Hakuna mwizi, hakuna ukali. Lakini macho ya mama yaliwafuata wale sambaza mpaka walipokata kona.

Hapo ndipo niliposikia kichwani kelele za nyumba yetu. Mama, kula. Nimeshiba. Mama, ukule bana, kidogo tu. Nimesema nimeshiba. Haya, basi mimi pia sikule. Eh, weka hapo basi, lakini punguza. Tangu alipoacha kupika na mimi kushika mwiko, tulikuwa tukiimba hivyo kila siku, na mimi nilidhani ni kelele tu, kama redio inavyokwaruza kabla ya kushika stesheni. Mama alilelewa kule Butembo na bibi mkali: sahani unayopewa na mwingine huipokei mara ya kwanza. Ukiipokea mara ya kwanza, watu watajiuliza umetoka kwenye nyumba ya namna gani.

Nilikwenda mbio kwa sista mkuu. "Kwa nini munaondoa sahani ya mama?"

"Lakini papa, si ni wewe ulisema hapana yake ni hapana?"

"Ile ni hapana ya kwanza, sista!"

Msichana alikuwa nyuma yangu na sahani yake. "Ziko ngapi, papa?" aliuliza, na hakuwa ananicheka. Alitaka kujua.

Nilimwambia asikilize sauti, kwamba hapana ya kwanza inakuja haraka na ya kweli inakuja polepole. Alikwenda palepale kujaribu kwa muzee mmoja, zamani dereva wa lori, aliyekuwa amekataa uji. "Papa, ukunywe bana." Hapana. "Papa, kidogo tu." Muzee akausukuma uji mpaka ukamwagika mezani. "Mimi ni mutoto? Nimesema sitaki!" Huyo hapana yake ilikuwa moja tu, kama nilivyomtangaza mama yangu. Sheria yao ni nzuri. Hata mimi nikizeeka sitaki mtu anisukumie kijiko mdomoni. Nilikuja kutafuta mwenye kosa, na kila nikigeuka namkuta mtu mwenye adabu.

Nikarudi kwa mama. "Mama, wakikuuliza, useme ndiyo. Basi."

"Mara moja? Kama mutu mwenye hakulelewa?"

"Lakini hapa ni kwako sasa."

"Kama ni kwangu," alisema, "unionyeshe jiko iko wapi."

Nilinyoosha kidole kwa uhakika wote. Kidole kilielekea kanisani.

Kumrudisha nyumbani sikuweza. Nani angemuogesha? Kumwacha pale aishe kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa, pia sikuweza. Kwa hiyo kesho yake, mimi mtu wa kiti, nilitembea mpaka kule saa ya chakula ili nimbembeleze mwenyewe. Nilisogeza kiti karibu naye.

"Mama, kula."

"Nimeshiba."

"Mama, ukule bana."

"Nimeshiba, nimekuambia."

"Haya, basi mimi pia sikule."

Nyumbani neno hilo halikuwahi kushindwa. Mama aliniangalia. "Haujakula?" Akamwita yule msichana. "Mutoto wangu, huyu ametoka mbali na miguu. Mumupe sahani."

Sahani ikaletwa mbele yangu, inatoa mvuke. Tumbo langu lilikuwa linanguruma tangu njiani. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Aa, asante, nimeshiba."

"Sawa, papa," alisema msichana, akaiondoa.

Mama akapiga mkono wa kiti chake. "Wewe! Mugeni haulizwe mara moja! Rudisha hapa. Umuambie tena."

Msichana akarudi, midomo imebanwa asicheke. "Papa, ukule."

"Kweli nimeshiba."

"Tena," alisema mama.

"Papa, ukule bana, kidogo."

"Haya, kidogo basi."

"Umeona?" mama alimwambia msichana. "Alikuwa na njaa huyu." Kisha akachukua sambaza mmoja kwenye sahani yangu, aone kama chumvi imetosha. Akachukua wa pili kuhakikisha. Bugali aliimega upande wake, akachovya kwenye sombe, na hakuna aliyemuuliza chochote.

Tangu siku hiyo naenda. Redio za watu zinanilalia mezani. Nakaribishwa, nakataa, nabembelezwa, nakubali, na mama anakula kwenye sahani yangu akisimamia adabu zangu. Siku nisipofika, msichana anajaribu peke yake. Kuna siku inafaa. Kuna siku mama anamjibu, "Hiyo umeikariri, mutoto wangu," na sahani inarudi jikoni. Juzi sista aliniambia walimbembeleza sana na akakataa mpaka mwisho, na wanafikiri ilikuwa hapana ya kweli. Sikujua nimshukuru ao nikasirike. Na kama siku moja mama atashiba kweli, nani atamsadiki? Nilitaka kumuuliza yeye mwenyewe kama anatunzwa vizuri pale, lakini niliogopa angejibu ndiyo mara moja, na hapo nisingejua la kufanya na jibu lake.

Kitenge nakiangalia kila nikifika. Siku nyingine naona kimelegea, siku nyingine naona kimekaza kidogo, na pengine ni msichana tu anayekifunga tofauti. Jana niliporudi, nilisimama kwenye ua nikamwelezea jirani mambo haya yote tangu mwanzo, nikiwa nimeshika suruali, maana kifungo kilikuwa kimekatika njiani. Aliweka chini gunia la makala, akaniangalia tumboni, akasema:

"Papa, mwenye kunenepa ni wewe. Kwani ni nani tulipeleka kwa masista?"