Mkanda wa Koku

Juzi binti wa kaka yangu alikuja kwangu Bukoba na kamera ya zamani shingoni. Anapiga picha za mkanda kwa kujifurahisha tu. "Shangazi, hizi utaziona zikishasafishwa," akaniambia, na papo hapo nikasikia harufu ya sabuni ya mche.

Nilikuwa mdogo, kwetu Nshamba, na kahawa ilikuwa imeanikwa uani. Tulikuwa tumemzika mdogo wangu, Koku. Baba alitoa mkanda kwenye kamera yake, akamwambia Mama, "Koku yumo humu. Hatuna picha yake nyingine. Kesho naupeleka mjini ukasafishwe."

Walipokwenda kanisani kumwombea, nilijiuliza kesho ya nini wakati sabuni ipo. Nikauvuta mkanda wote nje, juani, nikauosha kwenye beseni kwa upole, kama Mama alivyokuwa akimwogesha Koku. Sikumwona. Nikadhani bado ni mchafu, nikasugua tena, kisha nikauanika kwenye kamba, kando ya gauni lake lililokuwa limefuliwa.

Leo najua kwamba jua lilikuwa limemfuta kabla maji hayajamgusa.

Baba aliporudi alisimama akiutazama ukipepea. "Umeusafisha?"

"Ndiyo, Baba."

Hakunipiga. Aliingia migombani, akakaa huko mpaka giza. Mama aliuanua mkanda pamoja na gauni, akauviringisha ndani yake, akaviweka sandukuni polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Nikafurahi, nikidhani yeye amemwona.