Soksi Ndani ya Friza

Soksi za binti yangu zinakauka mbele ya hita, na nyumba nzima inanukia sufu iliyolowa, kama kondoo aliyenyeshewa. Harufu hiyo hunirudisha kwenye jiko letu la Doonside, mtaa tulioishi ughaibuni, jioni moja kabla ya safari ya shule ya kwenda kuteleza kwa ubao kwenye theluji.

Mama hakuwahi kukanyaga theluji. Alikuwa amerudi kutoka madukani Penrith na soksi za aina mbili: nene za pamba zenye mistari, kama za rafiki zangu, na nyembamba za sufu, za kijivu kama za bibi kizee.

Nilizishika zenye mistari. “I want these,” nilimwambia.

“Ngoja kwanza. Mguu hutoka jasho, mwanangu.”

Akalowesha moja ya kila aina bombani, akazikamua. Ya pamba akaivaa mkono wa kushoto, ya sufu mkono wa kulia, akaitumbukiza mikono yote kwenye friza, kati ya samaki na mifuko ya kisamvu. Akasimama hapo akiimba pambio, hata mabega yakaanza kumtetemeka.

Alipozivua, alinibandika viganja mashavuni. Shavu moja lilipata joto. Jingine lilichomwa na baridi, nikaruka.

“Haya, chagua.”

Nikaonyesha za kijivu.

Mama aliketi mezani, akakikumbatia kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, na hakukiachia mpaka chai ikapoa bila kunywewa.