Kovu la Mabati

Bi Bahiya ana duka la mabuibui na udi Mwananyamala, na mie ni mpangaji wake, chumba cha uani. Ukimkuta kaunta utadhani mkali, na ni mkali kweli. Mteja akishika nguo na vidole vya mafuta ya chipsi atasikia cha kusikia. Mie mwenyewe ni Bupe, mwalimu wa Kiingereza, mtu wa Tukuyu, mdomo wangu hauna breki. Ndiyo maana tunaelewana.

Mwanawe Aiman ndiye aliyetuingiza kwenye mambo haya. Alikuwa anamfanyia kazi tajiri mmoja Kariakoo, siku moja akashuhudia watu wanamuua tajiri wake stoo. Wale watu waliogopa atawataja. Wakamvizia, wakamfunga kamba, wakamchapa na waya wa umeme mgongoni mpaka akazimia, wakamwacha wakidhani kafa. Alipopata nafuu akakimbilia Ulaya, akaomba hifadhi. Wauaji bado wapo mtaani. Mmoja wao hupita mbele ya duka, anasimama kabisa, eti, "Shikamoo mama, Aiman hajambo?" Bi Bahiya anamjibu marahaba kwa sauti ya chini. Aiman akirudishwa, hakuna asiyejua kitakachompata.

Huko aliko wana madaktari wanaokagua makovu ya waomba hifadhi. Wanaandika ripoti: kovu hili limesababishwa na nini, la zamani au jipya, linakubaliana na maelezo ya mwenyewe au halikubaliani. Mgongo wa Aiman ulikubaliana vizuri tu. Tatizo likawa tumbo. Chini ya mbavu za kushoto ana vistari vidogo vimepangwa safu, na alipoulizwa akasema aliangukia mabati utotoni, ndivyo mama yake alivyomwambia siku zote. Daktari akaandika kwamba mabati hayakati namna ile. Basi maofisa wakang'ang'ania hapo hapo: kama kadanganya tumbo, mgongo tuuamini vipi? Ombi likakataliwa. Ikabaki rufaa.

Wakili wake, mama mmoja wa huko huko, akatupigia simu ya video, mie nikiwa mkalimani. Akauliza: ni kweli mtoto aliangukia mabati?

"Aliangukia mabati," Bi Bahiya akasema. "Nyuma ya jiko. Nilikuwa nimembeba, tukaanguka wote."

Nikatafsiri. Lakini jamani, huyu ni mtu anayeapa wallahi hata kwenye bei ya ushungi, na siku hiyo hakuapa. Simu ilipokatika nikamgeukia.

"Mama, mie nimezaliwa Tukuyu, sikuzaliwa Ulaya. Zile ni chale za bandama. Binamu zangu wanazo. Kwa nini unamuua mtoto?"

"Nyamaza, Mwalimu."

"Sinyamazi!"

Akainuka, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Akakaa juu ya furushi la nguo, akaanza kusema.

Aiman alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Homa ikampanda, ikashuka, ikarudi, tumbo upande wa kushoto likawa gumu. Hospitali walikwenda, dawa wakapewa, homa ikarudi tena. Majirani wakasema hiyo bandama, mpelekeni kwa bibi mmoja Mbagala anayechanja. Mumewe alikuwa mtu wa dini, mambo ya waganga hataki hata kuyasikia. Akala kiapo mbele yake: "Siku utakayompeleka mwanangu kwa mganga, umeachika." Kisha akasafiri kwenda Tanga kufuata mzigo. Mtoto akaanza kugeuza macho. Bi Bahiya akavaa buibui lake, akaenda Mbagala.

"Umeelewa sasa?" akaniuliza. "Kwa kiapo chake, toka siku ile mie si mke. Nimempikia, nimelala naye, nimemuuguza mpaka kafa. Nikakaa eda. Eda ya mume gani? Sijamuuliza sheikh hata mmoja, naogopa atanijibu."

Mie Mkristo, Mmoraviani, talaka za kiapo sizijui. Nilimhurumia sana, na papo hapo nilikuwa na hasira naye, maana siri ya mume aliyelala kaburini ilikuwa inamrudisha mtoto mikononi mwa wauaji. Nikamwambia hivyo hivyo. Alilia. Halafu akasema, "Mpigie wakili."

Wakili akasikiliza, akashusha pumzi. Akasema sasa itakuwa ngumu zaidi, maana mama amebadilisha maneno, na mama yeyote angebadilisha maneno kumwokoa mwanawe. Kuna uthibitisho wowote? Yule bibi yuko hai? Alishakufa zamani.

Nilipomtafsiria, Bi Bahiya akaweka kiganja ubavuni, juu ya dera.

"Mwambie ninao. Bibi alipotoa wembe, Aiman alinikaba shingo, kupiga kelele huko, mpaka nikahisi ataishiwa pumzi. Nikasema nichanje mie kwanza, aone mama halii. Baba yake alipoziona alama nikamwambia tulianguka wote."

Tukaenda kliniki moja Kinondoni, kwa Daktari Kokushubila. Mama wa Kihaya, mtaratibu, hana maneno mengi. Bi Bahiya, ambaye hata mie sijawahi kuuona mkono wake juu ya kiwiko, akapanda kitandani, akafunua tumbo lake. Daktari akapima kwa rula, akapiga picha, akazilinganisha na picha za Aiman zilizotumwa. Mahali pale pale, mpangilio ule ule.

"Ulilia?" daktari akamuuliza.

"Sikulia."

Ripoti yake haikuwa na mbwembwe. Aliandika kwamba alama zote ni za wembe, ni za zamani, na zinakubaliana na kuchanjwa kienyeji. Hakuweza kuthibitisha kwamba ni mkono mmoja, ila kuanguka hakuachi alama za mpangilio mmoja kwa watu wawili.

Siku ya rufaa tulikaa sebuleni mbele ya kompyuta yangu. Mzee Thuwaini, kaka wa marehemu baba yake Aiman, alikuja kusikiliza kesi ya mtoto wa mdogo wake. Nilimnong'oneza Bi Bahiya kwamba naweza kumtoa kwa kisingizio chochote.

"Mwache akae," akasema. "Nimechoka."

Hakimu akauliza kwa nini alimdanganya mwanawe miaka yote hiyo.

"Mtoto hana siri," Bi Bahiya akajibu. "Angemwambia baba yake. Na mie nilikuwa nampenda mume wangu, sikutaka kuachika." Akakieleza kiapo chote, neno kwa neno, shemeji yake akiwa kiti cha pembeni. Kwenye skrini Aiman aliinamisha kichwa mezani, tukawa tunaona nywele zake tu. Mzee Thuwaini alishika kofia yake mapajani, na kikao kilipofungwa akaondoka bila kunywa chai.

Hifadhi Aiman akapewa. Siku habari zilipofika Bi Bahiya aliwagawia wateja halua, na yule mbaya wetu alipopita na shikamoo yake alimjibu kwa sauti, "Marahaba! Aiman hajambo, na harudi!" Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Jioni yake Mzee Thuwaini akaja dukani. Macho chini.

"Shemeji, nimekaa nikafikiri. Maneno ya hasira yale, huenda kuna njia isihesabike talaka. Acha niende kwa sheikh nikuulizie, upumzike moyo."

Bi Bahiya alikuwa anakunja ushungi. Akaukunja mpaka mwisho, akauweka juu ya wenzake.

"Usiende, shemeji. Kiapo hakula sheikh, kala yeye. Nikifika ahera nitamuuliza mwenyewe."